"Histrioniki" maana yake nini, na neno lenyewe limetoka wapi?

Swali nililoletewa nalifupisha hivi: dada mmoja kaandikiwa na bosi wake kwenye tathmini ya kazi kwamba namna anavyoongea vikaoni ni "histrioniki", akabaki na hilo neno halijui. Akauliza wenzake. Mmoja akamwambia hiyo ni histeria, mambo ya akina mama na kizazi. Wa pili akasema hapana, maana yake unaigiza, yaani mnafiki. Wa tatu akaenda kusoma akarudi na habari kwamba ni ugonjwa wa akili. Sasa anauliza lipi la kweli, neno limetoka wapi, na je, katukanwa?

Dada yangu, hao wote watatu wamekosea, ila kila mmoja kagusa kitu ambacho kweli kipo kwenye historia ya hilo neno, kwaiyo itabidi tuende taratibu. Jibu fupi ni kwamba neno limetoka jukwaani. Kwa Kilatini histrio ni mwigizaji, mtu wa maonyesho, na histrioniki ni "ya kimwigizaji". Likisemwa juu ya mtu ambaye hayuko jukwaani, maana yake anatoa hisia zake kwa ukubwa kuliko mahali alipo, sauti juu, mikono hewani, uso unasema kila kitu, kana kwamba kuna watazamaji wamekaa mstari wa mwisho kabisa na lazima nao wapate. Halisemi kwamba hisia zako ni za uongo. Halihusiani na kizazi. Na halikufanyi mgonjwa. Ila sikufichi, sio sifa pia, na ukitaka kujua kwa nini neno la kazi halali ya watu limegeuka la kumnyooshea mtu kidole lazima turudi Roma.

Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba mwaka 364 KK Roma ilipigwa na tauni, watu wanakufa, wakajaribu kila njia ya kuituliza miungu na ikashindikana, ndo wakaamua kuleta kitu ambacho mji ule wa vita haukuwa umewahi kukiona, maonyesho ya jukwaani. Wakaitwa wachezaji kutoka kwa Waetruski, majirani zao wa kaskazini. Hao walikuwa wanacheza kwa kufuata zumari tu, hawaimbi, hawana mashairi, hawaigizi kisa chochote, ni mwili na muziki basi. Vijana wa Kirumi wakawapenda wakaanza kuwaiga, wakaongeza na kutaniana kwa mashairi ya ovyoovyo, baadaye wakatokea watu wa kuifanya kama kazi. Na kwa sababu Waetruski mchezaji wa namna hiyo walimwita ister, Livy anasema, hao mafundi wenyeji wakapewa jina la histriones. Kwaiyo mzizi wa neno lako ni mchezaji asiyesema hata neno moja, mwili tu unaongea.

Yapo maelezo mengine ya zamani. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anamnukuu mtu aliyedai kwamba tauni hiyohiyo iliwaua wasanii wote wa Roma, wakaja wengine kutoka Etruria, nchi ya Waetruski, na mkubwa wao akiitwa Histros, ndo jina likabaki kwa wote. Festus, mtaalamu wa maneno ya Kilatini, yeye anasema walitoka nchi ya Histria, ile rasi iliyo upande wa juu wa bahari ya Adriatiki. Mimi hizi mbili sizipi uzito, ni ile tabia ya watu wa zamani ya kulitafutia kila neno babu yake au kijiji chake, halafu kisa kinajitunga chenyewe. Ya Waetruski ina nguvu zaidi kwa sababu haiko peke yake, hata persona, neno la Kilatini la kinyago cha mwigizaji, wataalamu wengi wanalihusisha na phersu ya Waetruski, ambayo imeandikwa pembeni ya mtu aliyevaa kinyago kwenye mchoro wa ukutani ndani ya kaburi moja la Tarquinia, mji wa Waetruski, mchoro wa karne ya 6 KK. Maana yake Warumi walichukua jukwaa na maneno yake kwa mtu mmoja.

Na hapa kabla hatujaendelea niseme kuhusu "historia", maana najua kuna mtu ataliwaza. Hapana, halina undugu. Hilo ni la Kigiriki, linatokana na mtu anayejua, shahidi, anayeulizia mambo. Zimefanana sura tu.

Sasa kuna kipande kwenye simulizi ya Livy ambacho mimi ndo nakipenda kuliko vyote, kwa sababu ndani yake unaiona ile tabia ambayo bosi wako kaiandika. Anasema mtunzi Livius, huyu ni Livius Andronicus ambaye tamthilia yake ya kwanza inatajwa kuwa ya mwaka 240 KK, alikuwa anaigiza kazi zake mwenyewe kama ilivyokuwa desturi. Watu wakamwitaita arudie na arudie mpaka sauti ikakatika. Akaomba ruhusa, akamsimamisha kijana aimbe mbele ya mpiga zumari, na yeye akabaki anauigiza ule wimbo kwa mwili, na Livy anasema akawa anafanya kwa nguvu zaidi kwa kuwa hakuwa tena na sauti ya kumzuia. Hebu piga picha hiyo: sauti iko kwa mtu mwingine, wewe kazi yako ni kuionyesha. Lazima mkono uwe mkubwa. Lazima bega liongee. Toka hapo, anasema, waigizaji wakazoea kuimbiwa huku wao wakifuatisha kwa mikono. Baadaye enzi za mtawala Augusto ikaja pantomimu, ambako mchezaji mmoja anavaa kinyago kilichofungwa mdomo na kwaya inaimba kisa chote, na neno histrio likawatumikia hao pia. Ndo maana hilo neno tangu zamani limebeba ishara za mwili kuliko maneno, na mtu akisemwa ni histrioniki watu wanafikiria mikono na uso kabla ya kufikiria alichosema.

Warumi wenyewe walikuwa na wasiwasi na jambo hili pale ambapo kuongea ni kazi, yaani mahakamani. Mwalimu wao mkubwa wa usemaji, Quintilian, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1 BK, ana sura ndefu kabisa kuhusu mikono, vidole, kichwa, hata namna ya kushika vazi. Anawakataza mawakili kuigiza kila neno wanalotamka: ukisema kuhusu mgonjwa usianze kuonyesha daktari anavyoshika mshipa wa mkono, ukitaja mpiga kinubi usichezeshe vidole kama unapiga nyuzi. Anasema msemaji anatakiwa awe mbali sana na mchezaji wa jukwaani, mkono wake ufuate maana ya anachosema, usifuate neno mojamoja. Nadhani hili ndo lingekusaidia kuliko neno la bosi wako, kwa sababu linakwambia kitu cha kuangalia. Mikono mingi peke yake haikuwa kosa kwake. Kosa ni mkono unaomvuta msikilizaji aangalie mkono, akasahau hoja.

Tuje kwenye dharau, maana ndo uliyoihisi uliposoma. Roma waliwapenda waigizaji mpaka watu wanapigana barabarani kwa ajili ya nani anamshabikia nani, na wakati huohuo sheria yao iliwaweka chini kabisa. Kwenye amri ya praetor, yule ofisa mkubwa wa mahakama, kulikuwa na orodha ya watu waliopungukiwa heshima mbele ya sheria, na humo aliyepanda jukwaani kuigiza kakaa pamoja na makuwadi na waliofukuzwa jeshini kwa aibu. Sheria ya ndoa ya Augusto ya mwaka 18 KK ilikataza watu wa familia za maseneta kuoana na waigizaji, hata na watoto wa waigizaji. Mwaka 23 BK mtawala Tiberio akawafukuza histriones wote kutoka Italia kwa sababu ya fujo. Na kabla ya hao kuna habari ya Laberius, mtu wa tabaka la juu aliyekuwa anatunga vichekesho vya jukwaani. Kutunga ruksa, kupanda mwenyewe marufuku kwa mtu wa hadhi yake. Mwaka 46 KK Julius Kaisari, aliyekuwa anaitawala Roma, akamtaka apande, akampa na sesterce 500,000, sarafu za Kirumi, na Kaisari akishakutaka utakataaje? Mzee akapanda akiwa na miaka kama 60, na kwenye utangulizi wake akawaambia watazamaji kwamba katoka nyumbani akiwa mtu wa heshima na atarudi akiwa mwigizaji. Siku moja tu jukwaani ilitosha kuvunja heshima ya maisha yake yote, ikabidi Kaisari amrudishie pete ya dhahabu ya tabaka lake.

Hata sifa zao zilikuwa na kisu ndani. Kulikuwa na mwigizaji anaitwa Roscius, bora kuliko wote wa wakati ule, na Cicero, wakili na msemaji maarufu, alikuwa rafiki yake, wanasema walikuwa wakishindana, huyu anaisema sentensi kwa maneno tofautitofauti na yule anaitoa hiyohiyo kwa ishara tofautitofauti, nani ataishiwa kwanza. Sasa Cicero akimsifia Roscius mahakamani mwaka 81 KK akasema kwamba kwa usanii wake ni yeye peke yake anayestahili kuonekana jukwaani, na kwa utu wake ni yeye peke yake anayestahili kutopanda huko kabisa. Soma tena hiyo. Ni rafiki anayeongea, na anampenda, na bado hawezi kumsifia mtu bila kuitukana kazi yake. Neno lililoletwa na lugha za Ulaya kutoka huko likaja na hicho kisu. Kifaransa mpaka leo histrion ni mwigizaji wa hovyo. Uingereza mwaka 1633 mwanasheria William Prynne alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 1,000 kulaani michezo ya jukwaani, akakiita Histriomastix, yaani mjeledi wa waigizaji, na kwa kuwa malkia naye alikuwa anashiriki maigizo ya ikulu, Prynne akahukumiwa faini kubwa na mwaka 1634 akakatwa masikio. Ni karne hiyohiyo ya 17 ambapo Kiingereza kilizoea kulitumia hili neno kumwelezea mtu. Kwa muda mrefu liliweza kutumika bila ubaya, "sanaa ya histrioniki" ilikuwa ni sanaa ya uigizaji tu, na Kiitaliano mpaka leo istrione anaweza kuwa msanii mkubwa anayelijaza jukwaa peke yake. Ila ukilitoa jukwaani ukalipeleka ofisini, ile dharau ya Kirumi ndo inayobaki.

Lakini je, ina maana unaigiza, hujisikii unachosema? Hapa ndo naomba mwenzako wa pili anisikilize vizuri. Quintilian huyohuyo anasema aliona mara nyingi waigizaji wakivua kinyago baada ya sehemu nzito na bado wanalia wakitoka. Igizo limekwisha, watazamaji hawawaoni tena, na machozi yanaendelea. Aulus Gellius, mwandishi mwingine wa Kirumi, naye anasimulia kuhusu Polus, mwigizaji wa Ugiriki aliyefiwa na mtoto wake mpendwa. Alipomaliza kuomboleza akarudi kazini, akapewa nafasi ya Elektra, ambaye kwenye kisa anabeba chombo chenye majivu ya kaka yake akiamini kafa. Polus akaenda kaburini akachukua chombo chenye majivu ya mwanawe mwenyewe, akakikumbatia mbele ya watu wote na kulia. Watu walidhani wanaangalia tamthilia, kumbe ni baba analia mtoto wake. Sasa hapo uongo uko wapi? Kuonyesha hisia kwa ukubwa na kudanganya hisia ni mambo mawili, yanaweza kukutana kwa mtu mmoja na yanaweza yasikutane kabisa.

Shida ni kwamba sisi kwa Kiswahili tukisema "acha maigizo" tunamaanisha acha uongo, unajifanya. Kwaiyo ukilitafsiri histrioniki kwa "anaigiza" unamwongezea mtu kosa ambalo neno la asili halikumwekea. Kama unataka neno la mtaani la karibu zaidi basi ni "ana drama", kwa sababu mtu mwenye drama anaweza kuwa kaumia kweli, tatizo ni jinsi kila kitu kinavyokuwa kikubwa. Na mnafiki muweke mbali kabisa, mnafiki anaficha kilichomo moyoni, wakati mtu histrioniki kosa lake ni kwamba hafichi chochote.

Haya, histeria. Hii nataka tuimalize moja kwa moja. Angalia herufi: hystera, kwa y, ni Kigiriki, maana yake mji wa mimba. Histrio, kwa i, ni hiyo ya Kilatini tuliyotoka nayo kwa Waetruski. Mizizi miwili tofauti. Waganga wa kale waliamini mji wa mimba unaweza kuhama au kumsumbua mwanamke mwilini na kumletea kukosa pumzi, degedege na kila aina ya shida, na kutoka hapo madaktari kwa karne nyingi wakawa wanatupia wanawake jina la histeria kila wakishindwa kuwaelewa. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Charcot, hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alikuwa akiwaleta wagonjwa wake wa histeria mbele ya ukumbi uliojaa madaktari na waalikwa, anawalaza usingizi wa kuamrishwa, hipnosisi, wanapinda, wanaanguka, watu wanatazama. Upo mchoro maarufu wa mwaka 1887 unaoonyesha hiyo hali, mwanamke mmoja anaishiwa nguvu mikononi mwa msaidizi na wanaume wamejaa vitini. Yaani mgonjwa kawekwa jukwaani na daktari, halafu baadaye ndo tukaja kusema hawa wanawake wanapenda kutazamwa. Hiyo inanikera mpaka leo.

Ndo maneno mawili yakakutana hapo. Mwaka 1968 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule unaoitwa DSM, toleo la pili, uliandika "haiba ya histeria", haiba hapa ni tabia ya kudumu ya mtu, na pembeni yake kwenye mabano ukaweka "histrioniki". Toleo la tatu la mwaka 1980 likaacha histeria na kubaki na histrioniki peke yake. Walitaka kuachana na ile habari ya mji wa mimba, na neno lilikuwa tayari lipo jirani, linafanana kwa sauti na linaelezea tabia bila kutaja kiungo cha mwili. Kwaiyo mwenzako wa kwanza hajalitoa hewani, kuna sababu yanachanganywa, ila kwa asili hayana undugu wowote.

Na mwenzako wa tatu, huyo aliyesoma kuhusu ugonjwa. Ni kweli kuna tatizo la haiba linaloitwa hivyo, lakini kwenye DSM linataka mambo matano kati ya manane, kama vile kukosa raha usipoangaliwa na watu, hisia zinazobadilika haraka na hazina kina, kuamini una ukaribu na watu kuliko uliopo, kuyumbishwa kirahisi, na yawe yameanza ujanani, yanaonekana kila mahali, kazini, nyumbani, kwa marafiki, na yanakuharibia maisha. Kuongea kwa nguvu kwenye kikao cha bajeti hakumo. Na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022 limeliondoa hilo jina kama ugonjwa wa peke yake, sasa linapima ukubwa wa tatizo la haiba kwanza. Bosi sio daktari wako, na neno la hospitali halitakiwi kuandikwa kwenye faili la kazi la mtu. Hata kama yeye alilitumia kwa maana ile ya kawaida, atakayelisoma baada ya miaka mitatu hatajua alimaanisha lipi.

Kuhusu kutukanwa, mi naona ni hukumu bila maelezo. Ni neno la mtazamaji, linatuambia yeye aliyekaa pale alionaje, wewe ulikuwa na nini moyoni halijui. Kwaiyo usiende kubishana naye kwamba wewe sio histrioniki, hayo mabishano hayana mwisho. Mwandikie kwa upole, muombe ataje kikao gani, ni sauti, ni mikono, ni wakati uliochagua, au ni kwamba ulilia, na kwamba neno lenyewe libadilishwe liwe maelezo ya kitu alichokiona. Akitaja, unaweza kukubali au kukataa ukiwa na kitu mkononi. Akishindwa kutaja hata kimoja, basi una sababu nzuri ya kuomba wakubwa wa rasilimali watu waliondoe kwenye tathmini, na hapo hata hii habari ya Laberius na Roscius hutaihitaji.